Behewa la Ferdinand Magellan: Uchambuzi wa Kisa cha Behewa Lililobadilishwa Kazi

Mwaka 1942, behewa moja la abiria la Kampuni ya Pullman ya Marekani, lililokuwa kazini kwa miaka 13 hivi, liliingizwa karakana likiwa na uzito wa takriban tani 73. Lilipotoka lilikuwa na uzito wa takriban tani 129. Mtu aliyelitazama akiwa kando ya reli asingeona tofauti kubwa, kwa kuwa rangi yake ilikuwa ileile ya kijani iliyokoza iliyopakwa kwenye maelfu ya mabehewa ya kampuni hiyo, na ubavuni palibaki neno moja tu, Pullman. Jina lake lenyewe, Ferdinand Magellan, lilikuwa limefutwa. Tangu wakati huo abiria wake mkuu alikuwa Rais wa Marekani.

Kisa cha behewa hili kimezoeleka kusimuliwa kama hadithi ya marais. Hapa nataka kukichambua kama kisa cha chombo chenyewe: kilivyoundwa, kilivyobadilishwa, kilivyoishiwa kazi, na kilivyopata kazi nyingine ambayo waundaji wake hawakuifikiria. Swali ninaloliuliza ni hili: kwa nini behewa ambalo chuma chake kilikuwa kizima, na ambalo lilikuwa limetoka kufanyiwa matengenezo makubwa yasiyo ya kawaida kwa behewa la abiria, liliishiwa kazi ndani ya miaka 12 tu? Hoja yangu ni kwamba uamuzi wa 1942 ndio ulioamua karibu yote yaliyofuata. Behewa lilifanywa limfae abiria mmoja kwa kiwango kikubwa hata likawa haliwezi kumfaa mwingine, na hali hiyohiyo ya kutofaa ndiyo iliyolikinga dhidi ya wale ambao wangelibomoa au kuligeuza tena.

Behewa la kukodi

Ferdinand Magellan lilijengwa mwaka 1928 na kuanza kazi 1929, likiwa mojawapo ya mabehewa sita ya aina moja yaliyopewa majina ya wasafiri mashuhuri. Mengine yaliitwa Marco Polo, Roald Amundsen, Robert Peary, David Livingstone na Henry Stanley. Majina mawili ya mwisho msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa. Hayakuwa mali ya matajiri fulani. Kampuni ya Pullman iliyamiliki na kuyakodisha kwa safari, kwa wakubwa wa kampuni, kwa wanasiasa, na kwa yeyote aliyeweza kulipia behewa zima lenye jiko, chumba cha kulia, vyumba vya kulala, sebule, na kibaraza cha wazi kwa nyuma.

Mpango huo hauwezi kueleweka bila kuielewa Pullman yenyewe. Kampuni hiyo ya Chicago haikuwa shirika la reli. Ilikuwa na mabehewa yake na wahudumu wake, wengi wao Wamarekani Weusi, na mabehewa hayo yalifungwa kwenye treni za mashirika mbalimbali ya reli nchi nzima. Mtu aliyekodi behewa la binafsi aliweza kuvuka bara lote bila kuhama chumba, kwa sababu lilikuwa likifunguliwa kutoka treni moja na kufungwa kwenye nyingine katika stesheni za makutano. Uhai wa behewa kama Ferdinand Magellan ulitegemea mambo mawili: kuwapo kwa watu wenye fedha za kutosha, na kuwapo kwa mtandao wa treni za abiria uliosambaa kiasi cha kuwafikisha popote walipotaka.

Jambo la kwanza lilitikisika mapema. Soko la hisa la New York liliporomoka Oktoba 1929, mwaka uleule behewa lilipoanza kazi, na mdororo wa uchumi ukafuata kwa karibu mwongo mzima. Wakati huohuo teknolojia nayo ilisonga. Ferdinand Magellan lilikuwa la kizazi cha mabehewa mazito, yaliyojengwa kwa chuma cha kawaida kilichopigwa ribiti (misumari minene ya kuunganishia mabamba), yenye sakafu ya zege na bogi, yaani fremu za magurudumu zilizo chini ya behewa, za ekseli tatu kila moja, hivyo magurudumu 12 kwa jumla. Kizazi hicho kilichukua nafasi ya mabehewa ya mbao, ambayo yalikuwa yakishika moto na kupasuka vibaya ajalini, na kwa usalama wa abiria yalikuwa hatua kubwa. Lakini Mei 1934 treni nyepesi ya chuma kisichoshika kutu iliyoitwa Zephyr ilitoka Denver na kufika Chicago, mwendo wa zaidi ya maili 1,000, kwa saa 13 na dakika 5. Tangu hapo mashirika ya reli yaliyokuwa na fedha yalitaka mabehewa mepesi. Ferdinand Magellan lilikuwa na umri wa miaka mitano tu, na tayari lilikuwa la mtindo wa zamani.

Nalisisitiza hili kwa sababu hubadilisha namna tunavyousoma mwaka 1942. Behewa lililochukuliwa kwa ajili ya Rais halikuwa bora kuliko yote yaliyokuwa relini. Lilikuwa zito, imara, na la teknolojia iliyokuwa ikipitwa, na kwa maoni yangu hizo ndizo sifa zilizolifanya lifae. Behewa jepesi la mtindo mpya, ambalo kila kilo yake ilikuwa imepigiwa hesabu, lisingebeba kilichokuja kuongezwa.

Tani 56 zilizofichwa

Baada ya shambulio la Pearl Harbor, Desemba 1941, watu waliokuwa na dhamana ya usalama wa Rais Franklin D. Roosevelt walitaka asafiri kwa behewa linalohimili risasi na mlipuko. Roosevelt alikuwa akisafiri sana kwa treni, na hadi wakati huo alitumia mabehewa ya kukodi, likiwemo Roald Amundsen. Pullman na chama cha mashirika ya reli ya Marekani walishirikiana kulijenga upya Ferdinand Magellan, na hatimaye serikali ililichukua kuwa mali yake kwa dola 1.

Kazi iliyofanyika inastahili kutazamwa kwa karibu. Mabamba ya chuma chenye nikeli, yenye unene wa inchi 5/8, yaani karibu milimita 16, yalipigwa ribiti kwenye kuta, paa, sakafu na ncha zote mbili. Bamba la unene huo huwa na uzito wa karibu kilo 125 kwa kila mita moja ya mraba, na behewa lilikuwa na urefu wa takriban mita 25. Anayejaribu kuhesabu eneo la pande zake zote ataona upesi uzito ule ulitoka wapi. Madirisha yalibadilishwa kwa vioo vya tabaka nyingi vyenye unene wa inchi 3. Mlango wa nyuma, ule wa kutokea kibarazani, nao ulivikwa deraya. Ikaongezwa milango miwili ya dharura ya kutorokea, mmoja kwenye dari ya sebule na mwingine kwenye ukuta wa bafu la Rais, kwa sababu chombo kilichozibwa vizuri dhidi ya risasi kinaweza kuwa mtego kikipinduka au kikitumbukia majini.

Kwa ndani vyumba vya kulala vilipunguzwa kutoka vitano hadi vinne, na nafasi iliyopatikana ikaongeza ukubwa wa chumba cha kulia na sebule. Simu ziliwekwa vyumbani ili treni ikisimama stesheni ziunganishwe na nyaya za nje. Treni ilipokuwa mwendoni, mawasiliano yalikuwa ya behewa jingine la msafara huo, lenye mitambo ya redio.

Matokeo ya kiufundi ya uzito huo hayakuwa madogo. Tani 73 zikigawanywa kwa ekseli sita, kila ekseli hubeba takriban tani 12. Tani 129 zikigawanywa kwa ekseli zilezile, kila moja hubeba zaidi ya tani 21, mzigo wa kiwango cha behewa la shehena. Behewa lilikuwa zito kuliko behewa lolote la abiria lililowahi kutumika katika reli za Marekani. Kichwa kililazimika kuvuta uzito wa karibu mabehewa mawili ndani ya moja, breki zikalazimika kuusimamisha uzito huo, na springi na bogi zikafanya kazi ambayo muundo wa awali haukuikusudia. Kwa treni ya Rais gharama hiyo haikuwa hoja. Kwa treni ya biashara ingekuwa hoja ya kwanza na ya mwisho.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki. Kabla ya 1942, kila aliyelipia angeweza kulitumia Ferdinand Magellan, na kwa hiyo lingeweza kuhama kutoka mteja mmoja kwenda mwingine, kutoka shirika moja kwenda jingine, hata kuuzwa likawa behewa la kazi la wakurugenzi wa reli. Baada ya 1942 lilikuwa na mtumiaji mmoja tu duniani. Dola 1 iliyolipwa naisoma kama ishara kwamba hakuna aliyetarajia litarudi sokoni.

Abiria watatu, matumizi matatu

Safari ya kwanza kubwa ilianza Washington tarehe 9 Januari 1943 kuelekea kusini hadi Miami, Florida. Kutoka Miami, Roosevelt aliendelea kwa ndege hadi Casablanca kukutana na Winston Churchill, Waziri Mkuu wa Uingereza, akawa Rais wa kwanza wa Marekani kupanda ndege akiwa madarakani. Kati ya mambo yote ya kisa hiki, hili ndilo ninalolirudia zaidi ninapolitafakari. Behewa lililotoka karakana muda si mrefu, likiwa na deraya mpya, lilimpeleka abiria wake kwenye chombo ambacho kingekuja kuchukua kazi yake. Mwanzo na mwisho wa matumizi vilikuwa ndani ya wiki moja, ingawa ilichukua miaka mingine kumi na moja mwisho huo kudhihirika.

Kwa Roosevelt, behewa lilikuwa zaidi ya kinga. Miguu yake ilikuwa imepooza kutokana na polio, na mtu asiyeweza kujikaza kwa miguu hutupwa huku na huku treni inapoyumba kwenye kona. Kwa hiyo alipendelea mwendo wa pole, maili 35 kwa saa, ambazo ni kilomita 56 hivi. Kibarazani iliwekwa lifti iliyompandisha na kumshusha akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, mbali na macho ya watu, katika enzi ambayo ulemavu wake haukuoneshwa hadharani. Alisafiri takriban maili 50,000 ndani ya behewa hili hadi alipofariki Aprili 1945 huko Warm Springs, Georgia. Baada ya kifo chake lifti iliondolewa. Nitarudi kwenye lifti hiyo, kwa sababu inagusa swali gumu la uhifadhi.

Harry Truman alilipokea behewa lilelile akalitumia kwa namna nyingine kabisa. Yeye alipenda mwendo kasi, hadi maili 80 kwa saa, na hakuhitaji kufichwa. Machi 1946 alisafiri nalo pamoja na Churchill kwenda Missouri, ambako Churchill alitoa katika mji wa Fulton hotuba yake kuhusu pazia la chuma lililoshuka juu ya Ulaya. Lakini ni mwaka 1948 uliolipa behewa nafasi yake katika historia. Truman, aliyetabiriwa kushindwa na mpinzani wake Thomas Dewey katika uchaguzi wa urais, alizunguka nchi kwa treni zaidi ya maili 28,000 na kuhutubia mara zaidi ya 300 akiwa kibarazani. Treni ilisimama katika miji midogo ambayo mgombea urais hakuwa na desturi ya kuifikia; watu walikusanyika juu ya reli nyuma ya behewa; Truman alisema maneno machache kuhusu bei za mazao au Bunge, akamtambulisha mkewe Bess na binti yake Margaret, na treni ikaondoka.

Tazama kilichotokea kwa muundo wa behewa katika kampeni hiyo. Deraya ilikuwa imejengwa kumfungia Rais ndani. Truman alisimama nje, kwenye sehemu pekee ya behewa isiyo na kuta, mbele ya umati ambao haukuwa umepekuliwa kama umati wa leo unavyopekuliwa. Tani 56 za kinga zilikuwa nyuma ya mgongo wake. Sehemu iliyofanya kazi yote mwaka ule ilikuwa kibaraza, ambacho hakikubuniwa mwaka 1942 bali 1928, kwa ajili ya mteja wa kukodi aliyetaka kukaa nje jioni na kutazama nchi ikipita. Na ni juu ya kibaraza hichohicho, katika stesheni ya Union ya St. Louis, muda mfupi baada ya uchaguzi wa Novemba 1948, ambapo Truman alipigwa picha akiwa ameliinua juu gazeti la Chicago Daily Tribune lililokuwa limetangaza kwamba Dewey amemshinda. Mtu anayeijua picha hiyo analijua behewa hili hata kama hajawahi kulisikia jina lake.

Dwight Eisenhower alilitumia kwa nadra. Alikuwa mwanajeshi aliyezoea ndege, na ndege za Rais zilikuwa zimeboreka haraka tangu safari ile ya Casablanca. Safari ya mwisho ya kiserikali ya behewa ilikuwa Januari 1954, mkewe, Mamie Eisenhower, alipokwenda Groton, Connecticut, kuzindua Nautilus, nyambizi ya kwanza kuendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Tangu hapo behewa lilikaa. Mwaka 1958 lilitangazwa kuwa mali isiyohitajika tena.

Kwa nini liliishiwa kazi

Jibu la haraka ni kwamba ndege iliishinda treni. Ni kweli, lakini halitoshi, kwa sababu mabehewa mengine ya umri uleule yaliendelea kutumika. Roald Amundsen, ndugu yake wa ramani ileile, halikuwahi kuvikwa deraya. Liliendelea kuwa behewa la kawaida la kifahari, likabeba abiria wa namna mbalimbali, na leo limetulia katika bustani ya reli ya McCormick-Stillman huko Scottsdale, Arizona, ambako wageni huingia na kuliona. Tukiyaweka mabehewa haya mawili pamoja tunapata jaribio ambalo ni nadra kulipata katika historia ya mitambo: muundo mmoja, mjenzi mmoja, mwaka mmoja, na tofauti moja kubwa ya 1942.

Sababu ya kwanza, basi, ilikuwa uzito. Hakuna shirika la reli la miaka ya 1950, likiwa linapoteza abiria kila mwaka kwa magari na ndege, ambalo lingelichukua behewa la tani 129 lenye vyumba vinne vya kulala. Kuivua deraya hakukuwa rahisi pia. Mabamba yalikuwa yamepigwa ribiti hadi paa na sakafu, na baada ya kuyatoa angebaki nalo mtu behewa zito la mwaka 1928 lisilo na mahali pa kuingia katika treni za mabehewa mepesi.

Sababu ya pili ilikuwa kwamba mfumo uliolizaa ulikuwa umevunjika. Serikali ya Marekani iliishtaki Pullman mwaka 1940 kwa sheria ya kuzuia ukiritimba, na mwaka 1947 huduma ya mabehewa ya kulala ilihamishwa mikononi mwa mashirika ya reli yenyewe. Hifadhi kubwa ya mabehewa ya kukodi, pamoja na karakana zake na wahudumu wake, haikuwepo tena kwa sura ile ya 1929. Hata kama Ferdinand Magellan lingeamka asubuhi moja likiwa halina deraya, lisingekuta soko lililoliacha.

Sababu ya tatu huwa inasahauliwa, nami naiona nzito kuliko zote. Mtumiaji mmoja hana mbadala. Chombo chenye watumiaji wengi huzeeka polepole: mmoja akikiacha, mwingine anakishika, na kila mmoja anakigharimia matengenezo kidogo. Chombo chenye mtumiaji mmoja hufa kazi siku mtumiaji huyo anapobadili mazoea, hata kama bolti zote zimekaza. Eisenhower hakuwa na ugomvi na behewa. Hakulihitaji tu, na hakukuwa na wa kulihitaji badala yake.

Mwaka 1959 Ferdinand Magellan liliingia mikononi mwa jumba la makumbusho ya reli la Gold Coast, kusini mwa Florida, na mwaka huohuo ndege za kwanza za jeti zilianza kumhudumia Rais wa Marekani. Hivyo behewa likaishia katika eneo lilelile la Miami lilikomfikisha Roosevelt katika safari ile ya Januari 1943.

Siku moja ya kurudi kazini

Kwa kawaida chombo kikiingia makumbusho, orodha ya kazi zake hufungwa. Tarehe 12 Oktoba 1984 Ronald Reagan aliifungua tena. Behewa lilitolewa Florida likapelekwa Ohio, naye akasafiri nalo maili 120 hivi kutoka Dayton hadi Perrysburg, akihutubia kibarazani katika vituo vya njiani kama alivyofanya Truman miaka 36 kabla yake.

Ningependa msomaji asiichukulie safari hii kuwa maonyesho matupu. Behewa linalorudi kwenye njia kuu baada ya kukaa miaka lazima likaguliwe breki, magurudumu, ekseli na viunganishi, na likipita hapo huwa limethibitisha jambo la kiufundi ambalo hakuna maelezo ya ukutani yanayoweza kulithibitisha. Safari ya Ohio ilionesha kwamba bogi zilizobebeshwa mzigo mkubwa kuliko uliokusudiwa, kwa miaka 42, zilikuwa bado zinaweza kubeba Rais. Pia ilionesha kilichokuwa kimebadilika: kilichotakiwa mwaka 1984 kilikuwa ile sura ya kibaraza ambayo Wamarekani waliikumbuka kutoka kwenye picha ya St. Louis. Deraya, iliyokuwa sababu ya behewa kuwepo, ilikuwa sasa ni nyongeza. Miezi michache baadaye, Februari 1985, behewa liliorodheshwa kuwa Alama ya Kihistoria ya Taifa, hadhi ambayo kwa kawaida hupewa majengo na maeneo.

Lihifadhiwe kama lilivyokuwa lini?

Hapa uchambuzi unageuka kuwa suala la uamuzi, na wahifadhi hawana budi kuchagua. Behewa hili lina tabaka tatu. Lipo la 1928, lile la kukodi lenye vyumba vitano. Lipo la 1942, la Roosevelt, lenye lifti. Na lipo la 1948, la Truman, lisilo na lifti. Mtu anayetaka kulirudisha katika hali moja safi atalazimika kuharibu ushahidi wa nyingine.

La 1928 naliondoa mara moja. Kulirudisha huko kungemaanisha kuvua deraya, na Roald Amundsen lipo Arizona kuonesha mabehewa ya aina hiyo yalivyokuwa. Ugumu uko kati ya 1942 na 1948, na lifti ndiyo mfano wake dhahiri. Kuijenga upya kungemwonesha mgeni jambo muhimu sana, kwamba Rais aliyeongoza nchi katika vita vya dunia alipandishwa behewani kwa mtambo kwa sababu hakuweza kupanda ngazi, na kwamba juhudi kubwa ilifanywa ili raia wasimwone. Watu wenye ulemavu wana haki ya kuiona historia hiyo ikielezwa waziwazi. Lakini lifti mpya iliyofungwa pale ingekuwa kwenye kibaraza ambacho Truman alisimama bila lifti, yaani kibaraza cha picha ile. Maoni yangu ni kwamba kibaraza kiachwe kilivyo, na lifti ielezwe kwa mchoro na kwa kielelezo kinachosimama pembeni ya behewa, kisichogusa chuma chake. Kuondolewa kwa lifti ni tukio la kweli katika maisha ya behewa, na pengo lililoachwa lina thamani ya ushahidi.

Kuhusu kulirudisha tena relini, naelewa wanaolitamani. Hata hivyo kila safari hula kitu: magurudumu hupungua, springi huchoka, ribiti hutikisika, na vipuri vya bogi za namna hiyo havitengenezwi tena kwa wingi. Safari ya 1984 ilikuwa na sababu, maana ilikuwa ni kazi yenyewe ya behewa, Rais akihutubia wapiga kura. Safari ya burudani haina sababu ya uzito huo.

Hatari kubwa zaidi haipo relini bali pale lilipo. Makumbusho hayo yako katika eneo lililokuwa kituo cha jeshi la majini cha Richmond, ambako kimbunga cha Septemba 1945 kiliangamiza mabanda makubwa ya puto za angani za kijeshi. Tarehe 24 Agosti 1992 kimbunga Andrew kilipiga eneo lilelile na kuyaharibu vibaya majengo ya makumbusho. Behewa lilinusurika, nami sishangai, kwa kuwa tani 129 hazisukumwi ovyo na upepo. Ila maji na unyevu wa Florida hufanya kazi bila kelele. Unyevu ukiingia kati ya bamba la deraya na ukuta wa zamani, kutu huanza katika nafasi ambayo hakuna anayeiona na ambayo brashi haifiki; na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, huyasukuma mabamba mawili yaachane hadi vichwa vya ribiti vinakatika. Kuta za tabaka mbili, zilizokuwa kinga dhidi ya risasi, ndizo zilizo dhaifu zaidi mbele ya adui huyo wa pole.

Kwa sababu hiyo, fedha za matunzo zikiwa chache, kama zilivyo kwa makumbusho mengi ya reli, ningezianzia kwenye paa na milango ya jengo linalolihifadhi, kisha kwenye ukaguzi wa viungo vya mabamba, hasa sehemu za chini ya madirisha ambako maji hujikusanya, na ukaguzi huo urudiwe kila mwaka kwa kumbukumbu za maandishi na picha. Mbao za ndani, mazulia na rangi vinaweza kusubiri, kwa maana fundi hodari anaweza kuvirudisha hata baada ya miaka ishirini; bamba la chuma chenye nikeli la 1942 likishatengana na ubavu wa 1928 hakuna namna ya kulirudisha bila kung'oa ribiti zilizopigwa na watu wa karakana ile.